Anayemtunza Mzazi Nyumbani Alipwe?

Mzazi anapofikia umri wa kuhitaji msaada kila siku, ni familia chache zinazokaa kikao kuamua nani atamtunza. Kazi humwangukia mtu tu. Mara nyingi ni binti, au yule ambaye hana ndoa, au anayeishi karibu, au yule ambaye kipato chake ni kidogo hivyo akiacha kazi haionekani kuwa hasara kubwa. Wengine hutuma pesa na kupiga simu. Yeye ndiye anayeogesha, anayelisha, anayemgeuza mgonjwa wa kitandani kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda vya mgongo, na anayekesha na mzee mwenye ugonjwa wa kusahau anayetaka kutoka nje usiku wa manane akiamini amechelewa kazini.

Je, mtu huyu alipwe? Swali hili limezigawa familia, na limezigawa serikali pia.

Wanaokataa hawakosi sababu. Wanasema mzazi alilea bila kudai ujira, na mtoto akianza kulipwa, deni la heshima linageuka kuwa ajira. Mimi naiona hoja hiyo kuwa nyepesi, kwa sababu wanaoitoa aghalabu si wao wanaoamka usiku. Nzito zaidi ni hoja ya usalama wa mzee mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtu 1 kati ya 6 wenye umri wa miaka 60 au zaidi alifanyiwa unyanyasaji wa aina fulani katika mwaka mmoja, na unyanyasaji huo ni pamoja na kutumia mali yake vibaya. Posho ikiingia nyumbani, wapo watakaomng'ang'ania mzee kwa ajili ya posho. Nani atapita kuangalia kama shuka zimebadilishwa?

Kuna na hoja ya tatu, nayo inatoka kwa watetezi wa wanawake. Japani ilipoandaa bima yake ya matunzo ya wazee, iliyoanza mwaka 2000 na kuchangiwa na kila mkazi kuanzia umri wa miaka 40, ulizuka mjadala mkali kama familia zipewe pesa taslimu. Waliopinga walisema pesa hizo zingekuwa kamba ya kumfunga mke wa mtoto wa kiume kitandani kwa wakwe zake: angeambiwa, "Si unalipwa?" Uamuzi ukawa kutoa huduma badala ya pesa, yaani mhudumu anayekuja nyumbani, kituo cha kushinda mchana, na kitanda cha muda pale familia inapohitaji kupumua.

Ujerumani ilikuwa imetangulia kuanzisha bima ya aina hiyo mwaka 1995, na ikachukua njia nyingine. Huko familia huchagua huduma, pesa, au mchanganyiko wa vyote viwili. Pesa huwa na thamani ndogo kuliko huduma, na bado wengi wamekuwa wakichagua pesa. Hapo ndipo hoja ya Japani inapopata upinzani wa kweli, kwa sababu yupo mtu mmoja ambaye watunga sera humsahau: mzee mwenyewe. Baba ambaye maisha yake yote hajawahi kuvuliwa nguo mbele ya mgeni hawezi kuamriwa kwa sheria aukubali mkono wa mhudumu asiyemfahamu. Anamtaka mwanawe. Mwanawe akikubali, kumnyima malipo kwa hofu kwamba atafungwa ni kumwacha afungwe bure.

Athari kwa afya ya mtunzaji nazo zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999 ulifuatilia wazee waliokuwa wakiwatunza wenza wao kwa takriban miaka minne. Waliolemewa na kazi hiyo walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 63 ile ya wenzao wasiotunza mtu. Takwimu hii hunukuliwa sana. Isiyonukuliwa sana ni kwamba, katika utafiti huohuo, waliotunza bila kulemewa hawakuonekana kuwa na hatari ya ziada. Na mwaka 2013, utafiti mwingine wa Marekani uliwakuta watunzaji wa familia wakiwa na kiwango cha vifo kilicho chini kwa asilimia 18 kuliko watu wa hali kama yao wasiotunza mtu. Mimi nazisoma tafiti hizi mbili kwa pamoja hivi: kutunza si sumu. Kinachoumiza ni kulemewa, na mtu hulemewa anapokuwa peke yake, hana wa kumpokea, wala hajui zamu yake inaisha lini.

Kwa hiyo nakubali alipwe, ila kwa mpangilio ulio tofauti na ule unaozungumzwa sana. Cha kwanza kiwe mtu wa kumpokea kwa saa kadhaa kila wiki, na kwa siku kadhaa mfululizo kila mwaka. Posho isiyo na mapumziko hununua uchovu tu. Cha pili ni pensheni. Katika mfumo wa Ujerumani, jambo ninaloliheshimu kuliko ile posho yenyewe ni kwamba bima hiyo humlipia mtunzaji michango ya uzeeni akitimiza masharti, likiwemo la kutunza angalau saa 10 kwa wiki. Mwanamke aliyeacha kazi akiwa na miaka 48 ili amtunze mama yake naye atazeeka, na michango iliyokatika katikati hairudi yenyewe. Posho ije ya tatu, iambatane na mtu wa kufika nyumbani mara kwa mara kumwona mzee na kuzungumza na mtunzaji, kila mmoja peke yake. Hilo linajibu ile hofu ya unyanyasaji vizuri kuliko kuifuta posho.

Pale ambapo hakuna bima wala posho, na ndiko wanakoishi wazee wengi wa dunia, mpangilio huohuo unaweza kuanza ndani ya familia. Ndugu wanaotuma pesa mara nyingi hukokotoa dawa, nepi na nauli ya hospitali, kisha huhesabu kuwa wamemaliza. Hesabu hiyo inamruka aliyeacha mshahara. Kaka anayekaa mbali hawezi kumgeuza baba usiku, lakini anaweza kuweka akiba kila mwezi kwa jina la dada yake, na kutoa wiki mbili za likizo yake aje ashike zamu mwenyewe, asimtume mkewe. Na yazungumzwe mapema, mzee angali ana akili zake timamu na anaweza kusema anataka kuoshwa na nani, kwa sababu baada ya hapo kila ndugu atakuja na lake akidai ndivyo mzazi alivyotaka.