Tochi ya kichakani, kamera ya njano

Mwanga ulipiga mara mbili kwenye kioo cha nyuma, nikadhani ni radi. Ilikuwa Jumapili, saa 11 na nusu alfajiri, barabara nyeupe kabisa hapa Leicester, natoka kwa bibi wa kwanza nawahi kwa wa pili. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani: kuwaamsha, kuwaogesha, kuwapa dawa na chai, halafu mbio kwa mwingine. Dakika zinahesabiwa. Siku tisa baadaye bahasha ya polisi ikaanguka mlangoni: ile radi ilikuwa kamera ya mwendo.

Ndani mlikuwa na namba ya gari, jina la mtaa, dakika yenyewe, na mwendo: maili 36 kwa saa mahali pa 30. Maili 30 ni kilomita 48. Yaani nimevuka bahari kuja kukamatwa na kibao kilekile cha 50 nilichokuwa nakidharau Kibaha. Barua haikuuliza nilikuwa nawahi wapi wala haikutaka kusikia habari za bibi wa pili. Ilitaka jambo moja tu: nani alikuwa anaendesha? Nijibu ndani ya siku 28.

Desemba nikaenda likizo nyumbani, shemeji akanipeleka Morogoro na Noah yake. Tulipokaribia kijiji kimoja, Hiace iliyokuwa inakuja ikatuwashia taa mara mbili. Shemeji hakuuliza kitu. Akashuka kutoka 90 hadi 48, tukakipita kijiji kama tunasindikiza maiti. "Tochi hiyo," akasema, yaani kile kifaa cha trafiki cha kupima mwendo. Kibao cha kumaliza 50 kilipopita tu, akakanyaga mafuta kufidia.

Kijiji cha tatu hatukupata wa kutuonya. Mbele askari akanyoosha mkono, tukaegesha.

"Habari za safari, mzee. Gari hii ni yako?" Akageuza simu. Ilikuwa picha ya Noah, imepigwa kutoka nyuma ya mwembe huko tulikotoka, na mwenzake kamtumia kwa WhatsApp. 63. Elfu 30. Tukiwa tunasubiri namba ya malipo, ikapita V8 nyeusi kwa kasi ambayo hata tochi ingeona haya kuisoma. Afande akaipigia saluti.

Tulipoondoka, shemeji hakulalamikia faini wala V8. Aliwalalamikia wale waliopishana nasi: "Siku hizi madereva hawapendani kabisa."

Neno hilo nimekaa nalo sana. Safari nzima hatukutaja hata mara moja watoto wa vile vijiji, ambao ndio kibao cha 50 kiliwekwa kwa ajili yao. Tulikuwa kwenye mchezo wa kuviziana, na kila mtu anazijua kanuni zake, kuanzia konda mpaka muuza mahindi.

Kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo kila ajali ikitokea kuna anayeandika: tuletewe kamera kama za Ulaya, mambo yatanyooka. Mimi sikubali haraka hivyo. Mashine tunazo tayari. Ile tochi ilisoma 63, na 63 ndiyo tuliyokuwa nayo, shemeji mwenyewe hakubisha. Ugonjwa wetu uko kwenye ule mwembe.

Huku kamera ya kudumu hupakwa njano, rangi inayoonekana hata kwenye ukungu wa Januari, na kabla yake kuna kibao chenye picha ya kamera. Programu ya ramani kwenye simu inakuonya kwa sauti. Mwanzoni niliwacheka: unamvizia mwizi huku unampigia filimbi? Baadaye nikaelewa kwamba wanachotaka ni upunguze mwendo pale, kwenye shule au njia panda, ulipe usilipe. Kamera isiyomnasa mtu imefanya kazi yake. Afande wetu akirudi jioni mikono mitupu, nadhani ataulizwa alilala wapi.

Kuna kichekesho kimoja hapa. Kamera maarufu za Gatso, zilizoanza kutumika Uingereza mwaka 1992, zina jina la Maurice Gatsonides, dereva wa mbio kutoka Uholanzi aliyeshinda Monte Carlo Rally mwaka 1953. Alitengeneza kifaa cha kujipima mwenyewe kwenye kona ili aongeze kasi!

Msidhani Waingereza ni malaika. Nao hufunga breki mbele ya kamera, wakishapita hukanyaga mafuta kama shemeji. Ndiyo maana zikaletwa kamera za wastani: moja inasoma namba yako hapa, nyingine inaisoma maili kadhaa mbele, kompyuta inagawa umbali kwa muda. Ujanja wa breki unakufa. Na kulalamika wanalalamika. Wales iliposhusha mwendo wa mitaani kuwa maili 20 mnamo Septemba 17, 2023, watu karibu 470,000 walitia saini kuupinga, katika nchi ya watu milioni tatu hivi. Hoja kubwa ya wapinga kamera huku ni kwamba huo ni mradi wa kukusanya hela. Neno kwa neno, kama kijiwe cha bodaboda.

Lakini kuna jambo moja nawaonea wivu wa kweli. Chris Huhne alikuwa mwanasiasa mkubwa huku, hadi waziri wa nishati. Mwaka 2003 kamera ilimnasa, na pointi zake tatu za adhabu kwenye leseni akazibeba mkewe, Vicky Pryce, aliyesema yeye ndiye aliyekuwa anaendesha. Ndoa ilipovunjika siri ikatoka. Waziri akajiuzulu mwaka 2012, na mwaka uliofuata wote wawili wakahukumiwa kifungo cha miezi minane. Hapo ndipo ninapoikumbuka ile saluti.

Mimi, kwa kuwa lilikuwa kosa la kwanza, sikulipa faini ya pauni 100 wala sikupewa pointi. Nililipia darasa, karibu saa tatu mbele ya kompyuta. Mwalimu alituuliza gari la maili 30 husimama baada ya mita ngapi tangu uone hatari. Mita 23. La maili 40? Mita 36. Baada ya darasa nilitoka nje nikahesabu hatua 13 kutoka mlangoni kwangu. Nilifika ng'ambo ya barabara, kwenye geti la jirani ambaye watoto wake hucheza mpira pale.

Hata hivyo, kamera hainusi pombe. Haioni tairi kipara. Barua yangu ilichukua siku tisa, na mlevi hahitaji siku tisa kuua. Afande angemshusha palepale. Tena kamera inahitaji kujua gari ni la nani. Kwetu gari linauzwa mara tatu na kadi bado ina jina la mwenye gari wa kwanza, deni linaning'inia kwenye namba, anayekuja kulilipa ni mnunuzi aliyekuwa hata hajui Noah hiyo imetoka wapi. Tukifunga kamera leo, barua nyingine zitaandikiwa marehemu.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo kuliko kamera. Afande atoke kwenye mwembe. Avae koti la kung'aa, asimame penye zebra ya shule na tochi yake mkononi, na kabla yake pawe na kibao: tochi ipo mbele. Na usiku je? Mabasi ya mikoani yamerudi kukesha barabarani tangu 2023, na mimi sijawahi kukutana na tochi saa nane za usiku. Kwa sasa zamu ya usiku inafanywa na tuta. Nimewahi kuyatukana matuta, lakini ndicho kitu pekee nilichokiona kikiiinamisha V8.

Juzi alfajiri nilikuwa naendesha kwa maili 29 kwa saa kwenye mtaa uleule wa radi yangu. Gari lililokuwa linakuja likaniwashia taa mara mbili. Mguu ukaruka kwenye breki, macho yakaanza kutafuta mwembe. Kumbe nilisahau kuwasha taa.