Tumkumbuke pia Venida Browder

Mageuzi ya mahakama na magereza ya Marekani yakitajwa, jina la Kalief Browder halikosi kusikika. Ni haki yake. Mimi namkumbuka mama yake, Venida, ambaye naona hajapewa heshima anayostahili.

Kalief alikamatwa Bronx, New York, mwaka 2010, akiwa na miaka 16, kwa tuhuma za kuiba begi. Dhamana ilikuwa dola 3,000; nyumbani hazikuwepo. Akakaa mahabusu katika gereza la Rikers Island miaka mitatu, takriban miwili akiwa kafungiwa peke yake. Akaambiwa akiri kosa ili aachiwe, akagoma. Mwaka 2013 mashtaka yakafutwa bila kesi kusikilizwa.

Miaka yote hiyo Venida alikuwa akienda kumtembelea. Anampelekea nguo safi, anarudi na chafu za kufua, anamwachia vijisenti vya kununulia vitafunio. Hilo hunigusa kuliko hotuba yoyote. Hakumzaa Kalief, alimlea na kumfanya mwanawe.

Kijana aliporudi, alirudi na ugonjwa wa akili. Alizunguka chumbani mwake kama aliyefungiwa bado, akatupa televisheni akihofu inamtazama. Serikali ilishamaliza naye. Aliyebaki kumuuguza ni mama. Juni 2015 Kalief akajitoa uhai, akiwa na miaka 22.

Venida angeweza kujifungia ndani na msiba wake, na nani angemlaumu? Badala yake alisimama hadharani kusimulia, akidai watoto wa miaka 16 na 17 wasishtakiwe kama watu wazima, kama New York ilivyokuwa ikifanya. Januari 2016, Rais Obama alipopiga marufuku kuwafungia watoto peke yao katika magereza ya serikali kuu, alianza maelezo yake na kisa cha Kalief. Venida alifariki Oktoba mwaka huohuo kwa maradhi ya moyo, akiwa na miaka 63. Sheria ya New York ya kupandisha umri wa kushtakiwa kama mtu mzima ilisainiwa Aprili 2017.

Wanaotenganisha gereza na afya ya akili waitazame nyumba ile. Mtu akiumizwa akili akiwa mikononi mwa serikali, matibabu yaanze siku anayotoka, na anayemuuguza naye asaidiwe. Jiji la New York lilikubali kulipa familia dola milioni 3.3 Januari 2019, Venida akiwa kaburini zaidi ya miaka miwili.