Mzee wa kanisa alipofungua mdomo msibani

Jirani yetu hapa Masasi alifiwa na mtoto wa miaka minne. Tumekaa mkekani, mara akaingia mzee mmoja wa kanisa, akatoa pole, kisha akaongeza: "Mama, hebu jichunguze. Huenda kuna mlango umeuacha wazi." Mama wa watu hakujibu. Alikuwa na kigauni cha marehemu mapajani, anakikunja, anakikunjua, anakikunja tena.

Swali la mzee yule ni la zamani. Wanafunzi wa Yesu waliuliza hivyohivyo juu ya kipofu: nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Yesu akasema si yeye wala wazazi wake (Yohana 9). Na wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kabisa kuwa walikuwa wakosaji kuliko wenzao. Yameandikwa, tunayasoma, na bado tunahubiri kinyume chake, tena kwa spika.

Wanateolojia wamehangaika sana na jambo hili. Augustino alifundisha kwamba uovu si kitu kilichoumbwa, ni pengo la wema pale ulipotakiwa uwepo. Simdharau, ila hayo ni ya darasani.

Mimi narudi kwa Ayubu wa Biblia, aliyefiwa na watoto wake wote. Rafiki zake Elifazi, Bildadi na Sofari walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, bila neno. Hapo walikuwa marafiki. Walipoanza kufafanua ndipo wakaharibu, na mwishoni Mungu aliwakasirikia wao, akasema aliyenena sawasawa ni Ayubu. Ayubu huyohuyo aliyelaani siku aliyozaliwa! Na Yesu msalabani hakufafanua kitu, alilia "mbona umeniacha?"

Hata hapa kwetu iko hivyo. Wabenediktini, wale watawa wamisionari, walifika Ndanda, jirani na Masasi, mwaka 1906, wakati askofu wao Spiss na wenzake walikuwa wameuawa mwaka mmoja tu nyuma, kwenye Maji Maji. (Babu zetu waliokufa kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba, hao sijawahi kuwasikia wakitajwa mimbarini.) Ukiniuliza mahubiri gani ya Ndanda yamebaki, nitakuonyesha hospitali.

Siku ya tatu ya msiba alikuja bibi wa nyumba ya pili, Mwislamu. Akaketi kando ya yule mama, akashika upande wa pili wa kigauni, wakakikunja pamoja. Alasiri ilipoadhiniwa ndipo akauliza, "Umekula, mwanangu?"