Mshairi Akikalia Kiti cha Mhakiki

Majuzi nilihudhuria kikao cha fasihi katika ukumbi mmoja hapa katikati ya Nairobi, na mhadhiri mmoja akatoa kauli iliyopigiwa makofi: washairi watunge, uhakiki wawaachie wahakiki. Sababu aliitoa papo hapo, kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mimi natunga na pia nahakiki, kwa hiyo mnajua nilivyoipokea. Makofi sikupiga.

Hata hivyo hoja yake si ya kupuuzwa. Tunaotunga kwa Kiswahili jijini humu tunajuana karibu sote. Ninayemhakiki leo huenda ndiye atakayeihakiki diwani yangu mwakani, na kesho kutwa tutakutana mlangoni kwa mchapishaji yuleyule. Katika hali hiyo hukumu hulainika kwa urafiki, au hukazwa kwa wivu. Yamenifika mwenyewe: mshairi mmoja aliwahi kuzichambua tungo zangu kurasa tatu nzima, na nilipomaliza kusoma nikagundua kwamba kosa langu kubwa lilikuwa kutoandika kama yeye.

Lakini ngojeni niwaonyeshe kitu. Kijana mmoja aliniletea tarbia yake, yaani shairi la mistari minne katika kila ubeti, kuhusu safari ya kwanza ya mjini. Mshororo wa kwanza ulikuwa huu:

Nimepanda matatuni, kwenda jini Nairobi.

Hesabu mizani, yaani silabi za kila kipande: nane kwa nane. Mhakiki wa darasani ataandika kwamba urari umezingatiwa, pengine aongeze kuwa hiyo "jini" ni inkisari, yaani neno lililofupishwa ili mizani itoshe, kisha akimbilie dhamira na maudhui. Aliyewahi kukesha akihesabu silabi kwa vidole ataona zaidi. Ataona kwamba "kwenda mjini Nairobi" ilitoka tisa, kidole kimoja kikabaki nje, kijana akainyofoa ile "m" na mji ukageuka jini. Ataiona pia "-ni" ya matatuni. Watu hupanda matatu, hakuna apandaye matatuni. Hiyo imegandishwa ili ukwapi, kile kipande cha kwanza cha mshororo, upate kina chake, yaani silabi ya mwisho inayorudiwa. Viraka viwili katika mshororo mmoja, na vyote viwili nimevishona mimi pia katika tungo zangu za ujana, ndiyo maana navijua. Mhakiki wa aina hii husoma hadi kile kilichofutwa. Nikampa na dawa: badala ya "kwenda jini", weka "kuingia". Nane kamili, na jini katoka.

Waliotutangulia hawakuona ajabu katika hili. Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika karne ya 19, aliwajibu washairi wa Lamu kwa mashairi, na jibu lililopwaya kwa utunzi sidhani lingemfikisha mtu mbali, hata kama hoja ilikuwa nzito. Hapo utunzi na hukumu vilikuwa kazi moja.

Ila kitabu ninachokirudia kila mara ni kile cha Kaluta Amri Abedi cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kiangalieni kichwa chenyewe. Jalada moja limebeba sheria pamoja na mashairi ya huyohuyo aliyeziandika. (Baadaye akawa Waziri wa Sheria wa Tanganyika, nadhani sheria zilimpenda.) Msomaji anaweza kuichukua kanuni aliyofundishwa akaipimia shairi la mwalimu, na likipwaya mwalimu hana pa kujificha. Mhakiki asiyetunga haingii hatari hiyo. Anapima vya wenzake huku chake hakipo mizanini. Mimi namwamini zaidi mpimaji aliyekubali kupimwa.

Na hapohapo ndipo mhadhiri wangu anaponikamata, kama angekijua kitabu hicho au angekumbuka kukitaja. Mazoea ya mafundi, kwa kuandikwa na fundi hodari, yaligeuka kuwa sheria. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, tungo zisizofuata vina na mizani ya kimapokeo, walikuwepo waliokataa katakata kuziita mashairi. Ngozi ilivutwa kweli, na ubishi ukadumu miaka mingi.

Lakini aliyewajibu alikuwa nani? Kezilahabi mwenyewe, mshairi na msomi kwa pamoja. Hapa Nairobi, Kithaka wa Mberia, aliyetoa Mchezo wa Karata mwaka 1997 kwa mtindo huo wa mashairi huru, alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Ukuta anaotaka mhadhiri kuujenga utapita katikati ya vifua vya watu.

Ninachomkubalia ni hiki: mshairi anapohakiki aseme mapema yeye hutunga kwa mtindo gani, na kama mtunzi ni rafiki yake aseme hivyo pia. Msomaji akijua ngozi inavutwa upande upi, atairudisha mwenyewe.

Yule kijana alirudi baada ya wiki moja. "Kuingia" yangu aliitupa. Aliniambia, kwa adabu, "Mwalimu, hiyo ni sauti yako." Akanionyesha alivyoandika:

Nimetoka kijijini, kutafuta Nairobi.

Nikahesabu kwa vidole. Nane kwa nane.