Sikula Omena, Ziliingia Zenyewe

Kwanza kabisa, sikula omena, wale dagaa wetu wa ziwani, za mtu. Nasema hili mapema kwa sababu tangu Jumamosi saa nane simu yangu haijapumzika, na kila anayepiga anaanza na kicheko kabla ya salamu. Kocha ameshatangaza kwenye kundi la wazee wa mpira, kundi la mtaa na, Mungu amsamehe, kundi la matayarisho ya mazishi ya mjomba wake, kwamba nilizimia kwa njaa katikati ya mashindano nikakutwa nimekaa juu ya omena za mama wa watu, natafuna.

Kukaa, nilikaa. Hilo video inaonyesha.

Kwa wageni: Kocha ni rafiki yangu wa miaka mingi na hajawahi kufundisha timu yoyote. Jina alilipata kwa kupiga kelele kando ya uwanja huku akila njugu.

Mashindano yenyewe yalikuwa triathloni ya watu wa kawaida, wenye vitambi na kazi za ofisini. Unaogelea mita 750, ukitoka majini unarukia baiskeli kilomita 20, ukishuka unakimbia kilomita 5, na saa haisimami hata ukisimama wewe. Nilipomweleza Mama Watoto alinitazama goti, akanitazama bega, akaniuliza ni nani aliyebuni adhabu hiyo. Nikamwambia huo si mchezo wa juzi, kule Hawaii mwaka 1978 walianza watu 15 wakamaliza 12, na wao walikimbia kilomita 42 baada ya kuendesha 180.

"Na wale watatu?" akauliza.

"Sijui."

"Mimi najua. Mmoja wao ndiye aliyenioa."

Alikuwa na sababu. Bega la kushoto liliniharibikia tukihamisha friji ya shemeji, nikiwa nimeshika upande wenye mota. Goti la kulia ni la mpira wa wazee. Niligeuka kuufuata mpira, goti likabaki linaangalia kule mpira ulikotoka. Hakuna aliyenigusa. Mchezaji wa karibu alikuwa amechutama mstarini anafunga kamba za viatu. Daktari wa viungo alilikunja goti, akalisikiliza kama redio mbovu, akasema wiki sita bila kukimbia. Nilikaa mbili na nusu. Ada ya kushiriki nilikuwa nimeshalipa, na mimi pesa ikinitoka lazima nijue imefika wapi.

Nikaenda duka la dawa nikanunua bandeji ya kuvutika, ile ya rangi ya uji wa wimbi uliozidi maziwa. Upana sentimita 15, urefu mita nne na nusu ukiivuta. Hiyo mita nne na nusu naomba muiweke mahali, tutaihitaji.

Bandeji kama ile hufungwa kuanzia chini kwenda juu, kila mzunguko ukilalia nusu ya ule uliotangulia, na maji si rafiki yake, ikilowa inalegea. Haya yote nimeyajua Jumapili. Jumamosi alfajiri, stima zimepotea, niliifunga kutoka juu kwenda chini kwa mwanga wa simu. Ncha ya juu niliipiga fundo pajani, fundo lile la kufungia mbuzi, nikalizungushia plasta mara tatu ili lisishuke. Ncha ya chini nikaibana na vile vibanio viwili vidogo vya chuma vyenye meno. Nikasimama nikajitazama. Nilijiona mwanariadha wa kwenye runinga.

Kuogelea kulikuwa kwenye bwawa la hoteli moja hapa Kisumu. Ziwa tunalo, tena kubwa, lakini huku kwetu lina magugu maji, lina kichocho, na lina viboko ambao hawaulizi kama umelipa ada. Bwawa ni la mita 25, kwa hiyo unalivuka mara 30. Sina mengi ya kusema hapo. Mkono mmoja ukipiga maji na mwingine ukiomba radhi, mtu haendi mbele, anapinda. Nilipinda kushoto mara 30. Mlinzi wa bwawa aliniuliza mara tatu kama niko sawa, na mara ya tatu alikuwa ameshavua fulana. Nilitoka majini wa pili kutoka mwisho, na wa mwisho ni kwa kuwa alitoka katikati kupokea simu.

Bandeji ilikuwa imekunywa nusu ya bwawa. Ilining'inia mguuni kama soksi ya mtoto wa darasa la pili. Kocha alikuwa nyuma ya kamba, chapati mkononi.

"Mzee, kuna kitu kinaning'inia!"

Nikadhani anasema tumbo. Nikalivuta ndani, nikapanda baiskeli.

Sasa baiskeli. Baba alikuwa amenipa Black Mamba yake, ile ya bati la kufunika cheni. Niliikataa. Niliona nitaonekana nakwenda kuuza maziwa. Nikaazima ya mpwa wangu, yenye gia nyingi kuliko nilizozihitaji, breki moja inayosikia, na cheni iko nje nje. Baba kama unasoma hii, naomba usinipigie. Nimeelewa.

Tulitoka mjini, tukapita uwanja wa ndege kwa barabara ya Busia, tukaenda mpaka karibu na Kisian tukageuza. Jua la Kisumu mnalijua, saa tatu asubuhi linakuchoma kama unadaiwa. Lakini nilikuwa naenda vizuri, wallahi. Nilipita watu wawili. Mmoja alikuwa anabadilisha tyubu, lakini kupita ni kupita.

Tukafika Otonglo, tunarudi mjini. Hapa twende polepole.

Kibanio cha kwanza nilikisikia kikiruka. Kiligonga lami kikalia *ting*, kama sarafu ikianguka, na mimi kwa tabia nikatazama chini kuiokota. Cha pili sijui kilitokea lini. Ncha ya bandeji ikaanza kupepea nyuma ya mguu. Kijana wa boda aliyebeba mama na kuku wawili akanipita, akapunguza mwendo, akanielekeza kidole mguuni, anasema kitu. Nikampungia mkono. Nilidhani anashangilia. Hata mama aliyebebwa alinipigia kelele, nikampungia naye.

Lori likapita. Upepo wake ukaichukua ile ncha ukailaza juu ya cheni, taratibu, kama mtu anavyotandika shuka. Ukikanyaga pedali, cheni ya juu inatembea kwenda mbele na kuingia kwenye meno ya ile gia kubwa, na chochote kilichoilalia kinaingia nayo. Cheni ya baiskeli iko upande wa kulia. Goti bovu nimesema ni lipi?

Nisiwadanganye, mwanzo ulikuwa mtamu. Bandeji ilianza kufunguka gotini ikiingia kwenye gia, inafunguka inaingia, kama uzi wa fundi cherehani, na kila ukipungua mzunguko mmoja nilihisi goti linapata hewa. Nikajisemea, leo goti limefunguka. Nikaongeza kasi! Mnasikia? Niliongeza kasi.

Mita nne na nusu si nyingi. Ilipokwisha kutoka gotini ikafika pajani, kwenye fundo la mbuzi.

Pedali ikawa nzito. Nikadhani ni kilima. Otonglo hakuna kilima, nimepita pale tangu nikiwa mtoto, lakini akili ya mtu aliyechoka hujenga kilima papo hapo. Nikasimama juu ya pedali nikakanyaga kwa mwili wote, na paja likaitwa chini na gia. Nikarudisha pedali nyuma, ikakaza zaidi. Kidevu kikaanza kusogea kwenye usukani, mgongo ukapinda, na baiskeli bado inatembea, kwa sababu magurudumu hayajaambiwa kuna shida.

Nikabana breki. Ile moja. Baiskeli ikatoka kwenye lami ikaingia kwenye kokoto. Mguu wa kulia umefungwa, nikatoa wa kushoto. Hapo ndipo yalipoanza yale mnayoyaona kwenye video, ambayo Kocha ameyapa jina "densi". Ile si densi. Mtu amefungwa na baiskeli na anaruka kwa mguu mmoja akitafuta pa kusimama. Nikaruka mara moja. Nikaruka mara mbili. Mbele yangu kulikuwa na neti iliyotandazwa chini, na juu yake omena zilizoanikwa, ndogo ndogo, zinang'aa kama misumari mipya. Niliziona. Nilikuwa na muda wa kuziona, wa kumwona mama mwenye nazo akiinuka kutoka kwenye kigoda, na wa kufikiri, huyu mama ameamka alfajiri kwa ajili ya hizi. Muda wa kugeuka ndio uliokosekana.

Mruko wa tatu ulitua katikati. Omena kavu zikiwa nyingi zinateleza kama maharagwe sakafuni. Mguu ukaenda Busia, mimi nikabaki Otonglo. Nilikaa chini kwa makalio yote mawili, baiskeli ikaja ikakaa juu yangu, na kwa kuwa wakati huo nilikuwa natamka neno "Mama!", ambalo linamwacha mtu mdomo wazi, omena moja ikaingia.

Sawa, mbili.

Kama zilitafunwa, hilo ni jambo kati ya meno na omena. Mimi nilikuwa na shida nyingine.

Watu wakajaa. Otonglo nzima ilikuwa haina kazi asubuhi ile. Vijana wa boda walitoka stejini wakanizunguka, mmoja anasema pedali ivutwe mbele, mwingine nyuma, na wote wawili wakavuta kwa wakati mmoja. Kuna kijana akanishika mkono akausoma. Kwenye triathloni huandikwa namba mkononi kwa kalamu ya wino mzito, na yangu ilikuwa 42. Nilikuwa nimeifurahia asubuhi, kwa sababu ndiyo namba ya kaunti yetu.

"Huyu ana namba," akatangaza.

"Namba ya kitanda," mwingine akamjibu.

Kimya kikaingia. Nikaona macho yakishuka kutoka kwenye namba mpaka kwenye bandeji, kutoka kwenye bandeji mpaka kwenye kaptura yangu ya kuogelea, na nikaona jinsi yote yanavyopangana vizuri vichwani mwao. Mtu akaguna, "Yawa, ametoroka na baiskeli." Nyuma kabisa sauti ya mzee ikauliza kama namba za mochwari nazo huandikwa mkononi.

Yule mama akapenya katikati. Mkononi ana kisu cha kutolea samaki magamba. Nimekalia mali yake, nimefungwa mguu, siwezi kukimbia. Nilifumba macho.

Akainama akaniambia kwa upole kabisa, "Nyathina," yaani mwanangu, "nani amekutoa wodini?"

"Mama, mimi ni mwanariadha."

Akalitazama tumbo langu. Akatoa omena iliyonishika kwenye nyusi. "Mos," akasema, kwa sauti ile tunayowasemesha wagonjwa wa malaria kali wanapodai wameona treni chumbani. "Mos, mos. Tulia."

Akaikata bandeji karibu na fundo, ustadi mtupu, kama anatoa utumbo wa samaki ngege. Fundo lenyewe halikukubali, ikabidi avute plasta. Plasta ikaja na kila unywele uliokuwa pajani tangu nibalehe. Nililia. Mnaosema ile sauti kwenye video ni ya mbuzi, hapana, pale hapakuwa na mbuzi.

Yaliyobaki ni machache. Kocha akafika kwa boda akamlipa mama hela ya gorogoro tatu za omena, ile mikebe ya kupimia, nami nikarudi mjini na baiskeli, nikatembea zile kilomita tano za mbio nikinuka ziwa, paka wawili wa Milimani wakinisindikiza. Medali nilipewa na kijana aliyekuwa anakunja hema. Goti limevimba. Daktari wa viungo ameanza kuhesabu wiki sita upya, na safari hii amemwandikia Mama Watoto karatasi.

Nimeyasoma niliyoandika na naona toleo la Kocha lilikuwa na heshima kidogo. Mtu mzima huweza kuzimia kwa njaa. Basi anayetaka kuamini lile aendelee, sitamkatalia. Kocha anasema nikimrudishia hela ya gorogoro tatu atafuta video, lakini leo asubuhi mkwe wangu ameniuliza goti linaendeleaje, na mimi sikumwambia kitu kuhusu goti.

Mchana huu ikapiga namba nisiyoijua.

"Hallo, Mgonjwa?"

Nikajua papo hapo. Kocha alimwachia namba yangu.

"Naam, mama."

"Umepona? Zimekuja mbichi leo, nzuri. Nikuwekee?"

Nikamwuliza Mama Watoto, aliyekuwa amesikia yote na amejifunika uso kwa leso mabega yakimtetemeka. Akainua vidole viwili. Gorogoro mbili. Nitaenda kuzichukua Jumamosi, kwa matatu.