Droni Yangu Iko Tayari kwa Lolote Isipokuwa Kuruka

Ningependa sana kukutana ana kwa ana na mtu aliyeandika juu ya kisanduku cha droni yangu kwamba chombo hiki kiko tayari kuruka. Sina nia mbaya naye. Ningemkaribisha tu nyumbani kwangu Manyatta, hapa Kisumu, nimkalishe kochini, nimpe chai na mandazi, kisha nimkabidhi kisanduku chake na kunyamaza. Kwa jinsi nilivyoyaona mambo, droni mpya iko tayari kuchajiwa, kusajiliwa, kusasishwa, kuzungushwa na kubembelezwa, na wazo la kuruka huijia baadaye sana, mwenyewe akiwa ameishiwa na bando, subira na heshima mbele ya majirani.

Sikuinunua kwa anasa. Kazi yangu ni kupiga picha na video za harusi na matanga, na wateja wa siku hizi huuliza kama una droni kabla hata ya kuuliza bei. Katika pande zetu hizi mazishi ni shughuli nzito: mahema huenea hadi kwenye shamba la jirani, masufuria hupangwa nyuma ya nyumba, magari huziba barabara ya kijiji, na familia hutaka yote hayo yaonekane kutoka angani ili shemeji aliyeko Marekani ajue pesa alizotuma zilikwenda wapi. Picha ya chini haimridhishi shemeji. Kwa hiyo nilikopa kwenye chama, na mwekahazina aliponiuliza mkopo ni wa nini nikamwambia ukweli kwamba nanunua ndege. Alinitazama kwa muda, akashusha miwani, akaandika kwenye daftari neno "matibabu".

Shida ya kwanza ilikuwa betri. Betri hizi hutoka kiwandani zikiwa zimelazwa usingizi kwa ajili ya usalama wa safari, na haziamki kwa kubonyezwa kitufe; zinaamka zikichomekwa kwenye chaji tu. Mimi nilijua hivyo kwa sababu nilisoma kijitabu, lakini mama watoto hakukisoma, naye ndiye aliyebonyeza kitufe mara ya kwanza, akasubiri, akabonyeza tena, akaiweka mezani taratibu. "Baba Awuor," akasema, "umeuziwa maiti." Nilipoanza kumweleza habari za usingizi wa betri alitikisa kichwa kwa upole, jinsi watu wanavyomtikisia kichwa mfiwa ambaye bado hajakubali.

Tukazichomeka. Stima ikapotea, bila shaka, kwa maana stima ya mtaani kwetu ina mazoea ya kujua nani ananuia nini. Iliporudi nikagundua tabia ya kile kibao cha kuchajia betri tatu: hakizichaji kwa pamoja, bali moja baada ya nyingine, na huanza na ile yenye chaji nyingi kuliko zote. Wahandisi wana sababu yao, kwamba mtu mwenye haraka apate walau betri moja iliyojaa, lakini mimi niliitazama ile iliyokaribia kushiba ikiongezewa huku ile iliyo tupu ikisubiri gizani, nikakumbuka karamu kadhaa nilizohudhuria ambako meza kuu hupakuliwa namna hiyo hiyo.

Halafu ikaja programu ya simu. Ukidhani utaipata kwenye duka la Google, tafuta ukichoka uniambie. Mtengenezaji anakutaka uende kwenye tovuti yake uipakue huko, na unapoipakua simu yako yenyewe inakuonya kwamba faili za namna hii zaweza kudhuru kifaa. Unakubali kudhuriwa. Kisha programu inaomba ruhusa ya kujua ulipo, ruhusa ya kusikiliza maikrofoni, ruhusa ya kufungua picha zako, nawe unaendelea kukubali, kwa kuwa umeshakopa na hakuna njia ya kurudi nyuma. Inataka baruapepe. Inatuma nambari ya siri kwenye baruapepe hiyo, lakini intaneti ya mtaani inaifikisha nambari ikiwa imekwisha muda, kwa hiyo unaomba nyingine, nayo inafika pamoja na ile ya zamani, na sasa hujui ipi ni ipi. Kuna pia masharti ya matumizi, waraka mrefu ambao nadhani hakuna mwanadamu aliyewahi kuufikisha mwisho, ingawa sote tumeapa kwamba tumeusoma.

Baada ya hapo ndipo nikafahamishwa kwamba droni iliyotoka kwenye kisanduku kilichofungwa kwa gundi, droni ambayo haijawahi kuona jua, imepitwa na wakati. Inahitaji kusasishwa. Rimoti nayo inahitaji kusasishwa. Betri nazo, ambazo mpaka wakati huo nilikuwa nimezichukulia kuwa betri tu, zina programu ndani yake na zinahitaji kusasishwa kila moja kwa zamu yake. Sasisho halianzi kama chaji iko chini, kwa hiyo tulirudi kwenye kile kibao cha meza kuu. Lilipoanza, lilitembea vizuri hadi asilimia 92, likasimama. Nikashuku. Nikaenda chumba cha watoto, nikakuta bando langu lote likielekea kwenye katuni ya nguruwe anayezungumza.

Kufunga propela nilidhani kutakuwa mapumziko. Droni ya namna hii ina mikono minne, na kila mkono una mota na propela yake, lakini propela hazifanani: mbili huzunguka kuelekea kulia na mbili kuelekea kushoto, ili nguvu zao zifutane na mwili wa droni usizunguke hewani wenyewe. Zile za upande mmoja zimewekewa alama ndogo, na mota zake pia zimewekewa alama, nawe wajibu wako ni kuoanisha. Ukizichanganya, chombo hakipai; kinajipindua papo hapo chini na kuvunja propela zake. Skrubu zake ni ndogo kama mayai ya chawa, na bisibisi waliyokupa ndani ya kisanduku ni ya mkono wa mtoto mchanga. Moja ya skrubu ilianguka, tukaliinua kochi, tukapata shilingi, kalamu, kadi ya kliniki ya Awuor iliyotafutwa tangu mwaka juzi, na skrubu.

Mpwa wangu aliye kidato cha tatu alisimama nyuma ya bega langu muda huo wote. "Mjomba, hiyo umeiweka kinyume." Tukaifungua. Tukatazama alama ya mota, tukatazama alama ya propela, tukaenda dirishani penye mwanga tukatazama tena, ikathibitika kwamba ilikuwa sawasawa tangu mwanzo. Tukaifunga upya. Kijana hakuomba radhi, alisema tu kwamba katika fizikia ni vizuri kuhakikisha.

Kuhusu karatasi sitasema mengi. Nchini Kenya droni huongozwa na kanuni za mwaka 2020 chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kabla ya kuipeleka juu unatakiwa uwe umeisajili na umepata ruhusa, mambo ambayo niliyafuata hatua kwa hatua na ambayo yangemchosha msomaji. Kinachonikereketa ni vipimo. Huruhusiwi kupita futi 400 juu ya ardhi, yaani karibu mita 120, na hilo sina ugomvi nalo, kwani shemeji haoni vizuri picha iliyopigwa kutoka juu zaidi ya hapo. Huruhusiwi pia kukaribia mtu au jengo lisilo chini ya usimamizi wako kwa umbali usiofika mita 50 bila kibali, na hapo nilicheka peke yangu, kwa kuwa matanga ni nini kama si watu na majengo? Tena usikaribie uwanja wa ndege mkubwa kwa kilomita 10. Nilifungua ramani, nikachora duara kutoka Uwanja wa Ndege wa Kisumu, nikatazama duara hilo likimeza Kondele, likimeza Milimani, likimeza Dunga na samaki wake, na mwisho likimeza Manyatta, meza yangu na mimi mwenyewe nikiwa nimeshika kalamu.

Hata hivyo ilibaki kazi ya kusawazisha dira, nami nilidhani hiyo yaweza kufanyika nyumbani kwa kuwa haihitaji kupaa. Droni ina dira ndani yake kama meli, na simu hukuamuru uiinue mikononi, uizungushe duara kamili ikiwa imelala, kisha uielekeze pua chini uizungushe tena. Sharti ni kukaa mbali na vyuma. Namwomba yeyote anayeijua Manyatta anitajie mahali palipo mbali na vyuma. Nyumba ni mabati, lango ni chuma, sakafu ya saruji ina nondo ndani yake, tangi la maji limesimama juu ya miguu ya vyuma, na jirani huegesha bodaboda yake palipobaki. Kila nilipomaliza mzunguko simu ilisema kuna mwingilio wa sumaku, nisogee mahali pengine, nami nikasogea nikizunguka, kutoka kona moja ya ua hadi nyingine, nimeinua kitu chenye macho juu ya kichwa. Mama wa nyumba ya tatu alikuwa akianika nguo. Aliacha. Aliniita kwa sauti ya mtu asiyetaka kumshtua mgonjwa, akaniuliza kama nimeokoka au ni dhehebu jipya.

Basi tukaenda Ahero, kwenye mashamba ya mpunga, ambako ni nje ya lile duara na hakuna bati la kuchanganya dira. Twende asubuhi, nilimwambia mpwa wangu, kwa kuwa hapa kwetu mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko ziwa, upepo ukaanza kuvuma kutoka ziwani, na alasiri mvua yenye radi hupenda kufuata. Droni yangu ina uzito usiofika gramu 250. Upepo wa ziwani hautaiuliza inaelekea wapi.

Nilitandika gunia kwenye tuta ili vumbi lisiingie kwenye mota. Nikaikunjua mikono. Nikatoa kile kifuniko cha plastiki kinachoikinga kamera, ambacho usipokitoa kabla ya kuwasha, vimota vinavyoishikilia kamera huhangaika kuisukuma mpaka simu ikulalamikie. Tukasubiri setilaiti. Bila setilaiti za kutosha droni haijui iliporukia, na isipojua iliporukia haiwezi kurudi yenyewe mawasiliano yakikatika. Kuna pia kimo cha kurudia cha kupanga: ikipotea, hupanda kwanza hadi kimo hicho ndipo ije nyumbani moja kwa moja, kwa hiyo kikiwa chini ya miti, nyumbani kwenyewe kutakuwa ndani ya mti. Niliitazama mikaratusi iliyo kando ya mfereji, nikaikadiria, nikaongeza mita za hofu.

Wakati huo wakulima walikuwa wamekwisha kufika. Watu wa Ahero wana shida na ndege. Mwaka 2023 kwelea walivamia mashamba ya mpunga ya Kisumu hadi serikali ikanyunyiza dawa, na mzee mmoja mwenye kofia ya sufi alikuwa amesikia kwamba siku hizi dawa huja kwa droni. Alinizunguka, akaizunguka droni, akainama.

"Dawa inakaa wapi?"

"Mzee, hii haina dawa. Ni ya kupiga picha."

"Picha za ndege?"

"Picha za matanga."

Aliinuka polepole. "Kwa hiyo serikali inangoja tufe kwanza."

Nikaiwasha. Ilipaa, na siwezi kukana kwamba moyo wangu ulipaa nayo, hadi usawa wa kifua changu, ikasimama hapo ikivuma kama inavyotakiwa. Nikaisukuma juu. Ikapanda hadi mita 30 ikagoma, kwa kuwa rubani mpya huanzishiwa hali ya mwanafunzi inayomzuia kupita mita 30 kwenda juu na mita 30 kwenda mbele, mpaka programu iridhike kwamba ana akili timamu. Simu ikanieleza pia kwamba kadi ya memori niliyouziwa mjini kuwa ya kasi, na niliyoilipia kwa bei ya kasi, haina kasi ya kurekodi video ya 4K, hivyo nipunguze ubora. Nikaupunguza. Juu ya shamba la jirani wa mzee, kundi la ndege wadogo lilikuwa likila mpunga bila wasiwasi wowote, na droni ilipopita juu yao hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa.

Mzee aliona. Wote waliona. Lakini walikuwa wameshapanga foleni, na kila mmoja akaanza kunitajia jina lake, ekari zake na kona ya shamba ambako ndege wamezidi, na kwa kuwa kuandika kulikuwa rahisi kuliko kueleza, nilimpa mpwa wangu kalamu, naye akaandika. Mzee mwenye kofia alisimama juu yake kuhakikisha amewekwa wa kwanza, kisha akatupa nambari ya simu ya mwanawe, kwa maana yake mwenyewe haina chaji, ili tumpigie dawa ikifika.