Inua Ellams: je, jukwaa limemla mshairi?

Msomaji wa ushairi anayezipitia kazi za Inua Ellams ana sababu ya kuingiwa na wasiwasi. Mzaliwa huyu wa Jos, Nigeria, mwaka 1984, ambaye makazi yake ni London, anaghani mashairi jukwaani, anaandika tamthilia, ni msanifu wa michoro, alianzisha mwaka 2005 matembezi ya usiku kucha ya wasanii na wakazi wa jiji, na mwaka 2025 akaandika kipindi kimoja cha mfululizo wa televisheni wa Doctor Who. Mshika mawili moja humponyoka, na wenye wasiwasi wanaona kilichomponyoka ni shairi la kusomwa: kwa miaka mingi ushairi wake ulitoka katika vijitabu vyembamba, huku nguvu zake zikienda kwenye kumbi za maonyesho.

Hoja hiyo ina uzito. Tuchukue The Half-God of Rainfall ya mwaka 2019, utenzi kuhusu mcheza mpira wa kikapu aliyezaliwa na mwanamke wa Kinigeria na Zeus, mungu wa Kigiriki. Umeandikwa kwa beti za mistari mitatu zinazoshikana kwa vina, na aliyetulia na kitabu anaona jinsi kina kinavyotoka ubeti mmoja na kuingia wa pili. Aliye ukumbini, macho yake kwa waigizaji na akili yake kwenye kisa, sehemu kubwa ya ufundi huo humpita. Kisha kuna tamthilia za wengine alizoziandika upya, kama Three Sisters ya Mrusi Chekhov, aliyoihamishia kwenye vita vya Biafra nchini Nigeria, na Antigone, tamthilia ya kale ya Kigiriki, mwaka 2022. Ni kazi za heshima, ila muda unaotumika kuijenga upya nyumba ya mwenzako haurudi.

Hata hivyo, lawama hii inamchukulia Ellams kama mtu aliyepewa nafasi ya kuchagua, akachagua vyote. Familia yake iliondoka Nigeria mwaka 1996, yeye akiwa na miaka 12. Wakafika London, wakahamia Dublin mwaka 1999, wakarudi London mwaka 2002. Ndoto yake ilikuwa uchoraji, lakini bei ya rangi ilimshinda, na ushairi ukawa sanaa anayoweza kuimudu. Ameeleza jukwaani, katika An Evening with an Immigrant, jinsi alivyoigiza peke yake katika National Theatre, ukumbi mkubwa wa maonyesho wa London, na kunywa mvinyo na Malkia wa Uingereza, wakati wote huo akiwa hana nchi ya kuiita yake. Msanii wa hali hiyo hufuata mlango uliofunguka, na haki inatutaka tuulize alichokipata ndani kabla ya kumhesabia milango.

Kipimo bora ni tamthilia yake Barber Shop Chronicles, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2017. Wazo lilitokana na mradi wa kuwafunza vinyozi misingi ya ushauri nasaha, kwa kuwa wanaume humwambia kinyozi mambo wasiyomwambia mtu mwingine. Ellams alikusudia kwanza kuandika mashairi na kuchora sura za wateja. Mpango huo haukufanikiwa. Akasafiri Afrika na kinasa sauti, akarudi na mazungumzo ya saa 60 hivi. Tamthilia yenyewe haifiki saa mbili. Hapo ndipo ninapowaomba wenye wasiwasi wasimame kidogo. Nani anaweza kuzisikiliza saa 60 za wanaume wakibishana juu ya siasa, wanawake, baba zao na mpira, akajua ni sentensi ipi ibaki? Mwenye kutafuta kisa tu angekata tamaa, maana kisa ni chembamba: kinachobeba mchezo ni kinyozi mmoja wa London na kijana ambaye baba yake yuko gerezani. Mshairi alisikia kitu kingine. Vinyozi wa London, Lagos, Accra, Kampala, Harare na Johannesburg wanaitazama mechi moja ya Chelsea na Barcelona, na mzaha uleule unasimuliwa katika mji mmoja kisha mwingine, kila mara kwa mabadiliko, kama kibwagizo kinavyorudi katika wimbo. Huko Johannesburg, mlevi aitwaye Simphiwe anaushutumu msamaha wa Mandela, na hasira hiyo inachanganyika na ya mtoto aliyetelekezwa na baba, hadi huwezi tena kuzitenganisha. Maneno yale ni shairi, japo hayakupangwa kwa beti.

Kabla mchezo haujaanza, waigizaji huwaita watazamaji wakakae kwenye viti vya kinyozi jukwaani, muziki ukipigwa. Asiyenunua vitabu vya mashairi anajikuta ameketi ndani ya shairi. Na sisi tuliosoma Ngao ya Jadi na Jogoo Kijijini za Ebrahim Hussein, ambazo ni ushairi na jukwaa kwa pamoja, hatuna sababu ya kuweka ukuta kati ya viwili hivyo.

Kuhusu ukurasa, mkosoaji anapaswa kuisoma The Actual ya mwaka 2020, mashairi 55 ya hasira dhidi ya dola za kikoloni, ubaguzi na ubabe wa kiume. Ellams hakukata mistari kwa namna ya kawaida. Maneno yamejaa katika vipande vizito, na kati yake kuna alama ya mkwaju (/). Ukisoma kwa sauti, utagundua kwamba mkwaju umewekwa pale mghani anapovuta pumzi. Mpangilio huo ungemjia kwa shida mtu asiyepitia miaka ile ya jukwaani.